Ufa Ambao Sikuuchora

Nyufa zote za upinde ule nilizijua, kwa sababu ni mimi niliyezichora. Nilizichora kwa ncha ya unyoya wa kuku, kwa masizi na machicha ya kahawa, moja moja, shingo ikiniuma na mama akinipigia kelele kwamba nitapata kibiongo kabla sijapata mume. Kwa hivyo asiniambie mtu kwamba siku ile nilibahatisha. Wengi waliniambia hivyo baadaye, na wote niliwajibu kwamba kazi ya mkono wangu naijua hata mkinifunga kitambaa cha macho.

Ilikuwa miaka ya tisini, siku zile video ilipokwisha kuingia nyumba nyingi za Mji wa Kale, na watoto wa nyumba isiyokuwa nayo walihamia kwa jirani. Sisi tulikuwa nayo. Ndugu yangu, kitinda mimba wetu, alikuwa na mkanda mmoja aliouangalia mpaka sauti yake ikaanza kukwaruza. Ulikuwa mkanda wa mpiga mishale wa milimani, mtu mwenye joho chakavu na upinde mkuukuu, kazi yake kuwatia adabu watawala wabaya. Mama alikuwa akisema kwamba mtu huyo ameshakula futari kwetu mara nyingi kuliko jamaa zetu.

Nikimtaja ndugu yangu sina budi kutaja jicho. Surua ilimla jicho la kushoto kabla hajajua kutembea. Lilibaki jeupe, na mama alibaki na neno moja moyoni ambalo hakuna aliyeweza kumwondolea: kwamba alichelewa kumpeleka hospitali, kwamba alianza kumtibu nyumbani, kwamba jicho lilipotea mikononi mwake. Daktari hakumwambia hivyo. Majirani ndio waliomwambia, na mama akawaamini majirani.

Basi nyumba nzima tukawa walinzi wa jicho lililobaki. Hatukucheza gololi, hatukurusha mawe, hatukukimbia na fimbo. Mafuta yakiruka kwenye karai mama hupiga ukelele, "Jicho la mwanangu!" hata kama huyo mwanawe yuko barazani nje. Mimi nami nilikua na wimbo huo huo. Akitoka, jicho. Akipanda ngazi, jicho. Alipotimia miaka ishirini, ndevu zimemjaa, bado ni jicho, jicho, jicho. Hakutugombeza. Alikuwa akinyamaza tu na kuondoka, na mimi nilidhani kunyamaza kwake ni kukubali.

Vijana wa mtaa walikuwa na kikundi cha michezo ya kuigiza, chini ya mwalimu mmoja wa skuli ambaye jukwaani alikuwa mkali kuliko darasani. Idd ile waliamua kuigiza kisa cha mpiga mishale, kidogo wamekichukua kwenye mkanda na kidogo wamekitoa vichwani mwao. Siku ya kugawana nafasi, ndugu yangu, ambaye miaka yote hupewa nafasi ya kipofu au ya mwombaji msikitini, alinyanyuka akasema, "Mpiga mishale hana budi kufumba jicho moja. Nyinyi mtajikaza kulifumba. Mimi Mwenyezi Mungu keshanifumbia." Watu walicheka mpaka mwalimu akashindwa kusimama. Nafasi akapewa papo hapo.

Alikuja mbio kunieleza, akiruka ngazi mbili mbili. Na mimi, badala ya kumwambia hongera, nikamwambia aangalie ule msumari wa mlangoni usije ukamchoma usoni. Furaha ilimtoka palepale, nikaiona inavyomtoka. Bado hainipendezi kuikumbuka sura ile.

Upinde tuliupata Shimanzi, karibu na bandari. Kulikuwa na ghala moja ambapo mizigo isiyokuwa na wenyewe ilipigwa mnada, na ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, alikuwa mgonjwa wa minada. Alinunua vitu asivyovijua na hakuna siku aliyokubali kwamba amenunua kibovu. Safari hiyo alirudi na kasha la raketi zilizokatika nyuzi na viatu vya mpira vya mguu wa kulia vitupu, na ndani yake, chini kabisa, mlikuwa na upinde. Upinde wa kweli, wa mchezo, kimo chake karibu na changu, ncha zake mbili zimejikunja kuelekea mbele. Mshiko wa katikati ulikuwa wa mti uliochongwa kufuata vidole. Mikono yake, wa juu na wa chini, ilikuwa ya mbao nyembamba zilizobandikwa pamoja kwa gundi, juu yake faiba nyeupe pe pe pe, na maandishi mekundu ya huko ulikotoka.

"Lo!" ndugu yangu alisema. "Huu wafanana na kitanda cha hospitali. Watu watacheka." Kisha akanigeukia. "Dada, nizeeshee."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Ami alikuwa na karakana chini ya nyumba yetu, akiunda masanduku ya mbao yenye njumu za shaba, na mimi nikiyazeesha. Wateja hawakutaka sanduku linalonukia randa. Walijua kwamba ni jipya, ami akiwaambia wazi, lakini walitaka lionekane limekaa chumbani kwa bibi wa mtu. Nilikuwa hodari, sijifichi. Ami alikuwa akiwaambia watu, "Huyu mpeni mtoto mchanga, kesho awarudishie babu."

Lakini upinde niliukataa. Upinde ukivutwa vizuri ugwe wake hufika shavuni, chini ya jicho, na jicho hilo ndilo hilo tulilolilinda miaka yote. Nikasema waunde wa mianzi, hauvutwi, hauna hatari. Ami ndiye aliyeamua. Aliutia ugwe akauvuta mara kadha wa kadha mbele yangu, akautegea sikio, akaupitishia kidole kila pembe. "Mzima huu," alisema. "Haulii wala haukatiki." Ndugu yangu akapanda nao juu ya paa akawa akipiga mishale butu kwenye godoro la usumba asubuhi na jioni, siku nenda siku rudi, na haukulia. Basi nikakubali. Nilikubali kwa moyo mzito, lakini nilipouanza nilisahau uzito wote, kwa sababu kazi ilikuwa tamu.

Niliuondoa mng'aro kwa msasa mlaini, taratibu, nisije nikala faiba. Nikaupaka rangi ya hudhurungi, na juu ya rangi polishi yetu ya vigamba vya lakiri tuliyoiyeyusha kwa spiriti. Polishi ikikauka nachora nyufa, kisha napaka polishi tena juu yake, ufa unazama ndani na kuonekana umetoka kwenye mti wenyewe. Pale mkono unaposhika niliilegeza rangi kwa jivu, kwa kuwa chombo cha zamani huchakaa pale kinaposhikwa. Mshiko niliuzungushia ngozi ya makubadhi ya marehemu baba. Mama aliponiona nayakata alifungua kinywa aseme, kisha akaenda akaniletea na la pili.

Nyufa nilizinakili kutoka kwenye mkanda. Tulikaa sebuleni, ndugu yangu anasimamisha picha, mimi nachora. Picha ya video ikisimamishwa hutetemeka, na mistari myeupe hupita juu yake, kwa hivyo nilikuwa nimebandika pua kwenye kioo mpaka macho yakanitoka machozi. Niliuona ufa mmoja mrefu kwenye mkono wa chini wa upinde, umejipinda vizuri, ukanipendeza. Nikauchora kwa subira. Nilipomaliza ndugu yangu aliiachia picha ikaendelea, na ule ufa ukatoka kwenye upinde, ukapita usoni mwa farasi, ukaishia mawinguni. Kumbe ulikuwa mkwaruzo wa mkanda! Tulicheka mpaka mama akaja kutuuliza kuna nini. Sikuufuta. Ulikuwa mzuri kuliko yote, tukauita ufa wa farasi.

Ningeweza kuufuta ningetaka. Chochote kilichochorwa ndani ya polishi, kitambaa chenye spiriti hukitoa, kazi ya mwezi mzima ikaenda kwa kupangusa mara mbili. Ndivyo nilivyokuwa nikisahihisha makosa. Nawaambia haya mapema ili yanayofuata yasiwe mageni.

Mchezo ulikuwa Idd ya pili, baada ya sala ya alasiri, katika ukumbi mmoja upande wa Mbaraki. Mimi na ami tulitangulia asubuhi kupigilia ngome ya mbao jukwaani. Upinde niliuacha nyumbani, umefungwa vizuri, juu ya kabati. Ndugu yangu angekuja nao pamoja na mama.

Mama na ndugu yangu walikuja watu wameshaanza kujaa. Mama alimleta mpaka chumba cha nyuma ya jukwaa, anamnyoosha joho, anampangusa bega, na upinde ameubeba yeye mwenyewe, ameuviringisha kwenye leso mpya. Nilikuwa na kikapu changu, chupa ya spiriti na vitambaa, maana nilijua safari ingeuchubua mahali. Nikaupokea nikafungua leso.

Ulinukia udi.

Polishi yangu hainukii udi. Inanuka spiriti wiki nzima, hata uiweke kwenye upepo. Nikauinua puani tena. Udi na ubani, tena si kidogo.

"Mama, huu umeufukiza?"

"Nimeufukiza, kwani?" Mama alikuwa mkunjufu siku ile, uso wote unacheka. "Mwanangu atatazamwa leo na mji mzima, watu na roho zao. Nitamtoa nje ananuka rangi? Nimeutundika juu ya chetezo pamoja na joho lake. Umekaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri, nikitia makaa mapya kila yakififia. Nusa, nusa mwenyewe."

Kwetu nguo ya kutokea huwekwa juu ya chetezo, makaa yamefukiwa kidogo na udi juu yake, mpaka moshi uingie kwenye uzi. Na mtu anayekwenda kuonwa na wengi hufukizwa ubani, husuda isimpate. Mama hakufanya geni. Lakini joho ni kitambaa, na upinde ni mbao zilizoshikana kwa gundi, na gundi haipendi moto. Niliupitisha mkono kwenye mkono wa chini. Polishi ilikuwa imevimba vipele.

Nikamwangalia mama. Alikuwa akingojea nimsifu.

"Unanukia vizuri, mama," nilisema. "Nenda ukakae, viti vya wanawake vitajaa usipate mahali."

Alimpangusa bega mara ya mwisho, akamwambia, "Jicho, mwanangu," akaenda zake. Nilingoja pazia litulie nyuma yake. Kisha nikaupeleka upinde dirishani.

Ufa wa farasi ulikuwepo, mahali pake, na kujipinda kwake. Nilizijua nyufa nyingine zote pia. Lakini ubavuni mwa ufa wa farasi, ukikaribiana nao hata ukadhani ni kivuli chake, kulikuwa na mstari mwingine, mwembamba kama unywele. Nikaupinda upinde kidogo kwenye goti. Sikusikia kitu. Nikaupinda tena na sikio juu yake. Ulisema *tik*.

Nikamshika ndugu yangu mkono. "Hutauvuta huu."

"Kwa nini?"

"Umefunguka. Mkono wa chini. Ugwe ukifika shavuni utapasuka, na vipande vitakurukia usoni."

Aliuchukua, akautazama, akanirudishia. "Huu ni ufa wa farasi, dada. Umeuchora wewe mwenyewe, nami nimekaa pembeni yako."

"Si huo. Huu wa ubavuni."

"Na huu umeuchora wewe."

"Sikuuchora!"

"Umechora nyufa mpaka kwenye vipini vya visu vya jikoni, utakumbuka huu mmoja?" Alikuwa bado anacheka kidogo. Nikamwambia naujua mkono wangu. Nikamwambia gundi imeyeyuka. Nikamwambia, na hapa ndipo nilipoharibu mambo, nikamwambia, "Fikiria jicho lako."

Kicheko kilikwisha. Sijapata kumwona vile, kabla wala baada.

"Nilijua," alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu wenzake walikuwa wakivaa karibu yetu. "Nilijua kabla ya jua kuchwa utalitaja. Tangu nipate akili, dada, sijafanya jambo moja bila kulisikia hilo jicho. Sikupanda mti. Sikucheza mpira. Leo ndiyo siku ya kwanza mtu amenichagua kwa sababu ya jicho hili, si licha yake. Na wewe waja hapa, ngoma ishaanza, na ufa."

Nje ngoma ilikuwa imeanza kweli. Mwalimu alichungulia, akatuambia dakika si nyingi, kwa nini tumesimama kama tunagawa mirathi? Nikamweleza. Akautazama upinde, akanitazama mimi, naona hajui amwamini nani. Upinde mzima ulikuwa na nyufa! Nilikuwa nimefanya kazi nzuri mno. Akamwita ami. Ami akavaa miwani, akasema, "Mimi nauona kama ulivyokuwa, lakini mtoto huyu simbishii," na hilo halikutusaidia kitu.

"Nipe upinde wangu," ndugu yangu alisema.

Hapo hasira zikanipanda. Si hasira za kumchukia. Ni zile za kuona mtu unayempenda anatembea kuelekea shimoni huku akikuambia unyamaze. Nilichukua chupa ya spiriti nikaimimina nusu yake kwenye kitambaa.

"Unafanya nini?" alisema. "Dada! Dada, unafanya nini?"

Nilipangusa. Polishi ililainika, ikatoka na masizi na kahawa, kitambaa kikawa cheusi. Nyufa za juu zikaenda. Zile ndogo ndogo za pembeni, zilizonipa kibiongo, zikaenda. Mmoja wa waigizaji akasema "Ala!" Ndugu yangu alinishika kiwiko kwa nguvu, ikaniuma, nami nikapangusa kwa mkono mwingine. Nikaja kwenye ufa wa farasi. Nilisita hapo, sitasema uongo, kwa sababu nikipangusa na mistari yote miwili ikatoka, basi mimi ni mwendawazimu niliyemharibia ndugu yangu siku yake mbele ya watu, na kwa haki hatanisamehe. Nikapangusa.

Ufa wa farasi ulitoka. Faiba ilibaki wazi, nyeupe chafu, yenye madoa. Na juu ya weupe ule palibaki mstari mmoja, mwembamba kama unywele, unaotokea ubavuni na kupanda kuelekea ncha. Nikapangusa tena. Haukutoka. Nikapangusa kwa ukucha ndani ya kitambaa. Haukutoka.

Aliniachia kiwiko. Akaupitisha ukucha wake mwenyewe juu ya mstari, na ukucha ukakwama. Akauinua upinde mpaka puani akaunusa. Akanusa joho lake, begani. Nikaona anaelewa.

"Mama?" aliuliza, kwa midomo tu.

Niliinamisha kichwa.

Halafu akasema, "Asijue. Wallahi, dada, asijue." Nikamwambia hatajua.

Mwalimu alikuwa ameshapauka. "Ingia, lakini usiuvute," alisema. "Uinue tu. Nitamwambia mtawala aanguke mwenyewe." Aliyeigiza mtawala, muuza viatu wa mtaani, alisema hawezi kuanguka bila sababu, watu watamzomea mpaka dukani. Hakuna aliyemsikiliza.

Akaingia. Mimi nilisimama nyuma ya pazia, kitambaa cheusi mkononi, nikamuona kwa upande wake wa jicho zima. Sehemu za mwanzo zilipita vizuri, sauti yake haikutetemeka, na joho lilimkaa. Kwa mbali upinde ulionekana umetoka vitani, nusu hudhurungi, nusu mweupe. Lakini ukumbi wote ulijua kwamba mwisho wake atapiga mshale. Walikuwa wamekuja kwa hilo. Alipoutia mshale kwenye ugwe watu walinyamaza kabisa, nikasikia feni za juu zinavyozunguka.

Akauinua. Vidole vikashika ugwe. Mtu mmoja nyuma alipiga kelele, "Vuta!" na wengine wakamfuata, "Vuta! Vuta!" ukumbi mzima, hata wanawake. Nikaona mkono wake unarudi nyuma. Kidogo. Nikasema moyoni anaigiza tu. Ukarudi kidogo tena, na nikausikia, naapa niliusikia hata kwenye kelele zile, *tik*. Nililishika pazia nikimbilie jukwaani, ila uso wake ukanisimamisha. Sura yake ilikuwa ile ya ngazini, siku niliyomtajia msumari. Alikuwa akiutaka mshale ule, akiutaka kwa miaka yake yote ishirini.

Kisha akageuza uso, si kwangu. Aliangalia viti vya wanawake.

Akaulegeza ugwe, pole pole, mpaka mwisho. Akauchomoa mshale, akauvunja kwenye goti, akaurusha miguuni mwa mtawala, akasema neno ambalo mwalimu hakuliandika: "Hustahili hata mshale."

Nikadhani watazomea. Halafu ukumbi ukalipuka. Muuza viatu, Mungu amlipe, alitazama vipande vile, akatazama watu, akaanguka chini kwa magoti bila ya kuambiwa. Vigelegele vya mama nilivitambua katikati ya vya wengine wote. Kwa muda mrefu baadaye Mji wa Kale watu waliokosana bei sokoni walikuwa wakiambiana, "Hustahili hata mshale!"

Kesho yake asubuhi mama alipokuwa jikoni, mimi na ndugu yangu na ami tuliteremka na ule upinde karakanani. Hatukuambiana kwa nini. Tuliufunga mshiko kwenye nondo za dirisha, ami akafunga kamba ndefu kwenye ugwe, tukasimama wote watatu nyuma ya mlango, na ndugu yangu akavuta. Haukufika hata nusu. Mlio wake ulikuwa mkali, vumbi likaanguka darini. Tulipofungua mlango mkono wa chini haukuwepo. Kipande kirefu, chembamba, chenye ncha, kilikuwa kimejichoma kwenye ubao wa mlango, kimo cha uso wa mtu. Ami alikishika akitoe, hakikutoka. Ndugu yangu alikitazama kwa jicho lake moja. Alininyooshea mkono akanishika vidole, jambo ambalo hakulifanya tangu utotoni.

Mama alishuka mbio na mwiko mkononi. "Kuna nini? Nini kimelia?" Akauona upinde. Akakiona kipande mlangoni. Alisimama pale, mwiko unadondosha mchuzi sakafuni, nikaona macho yake yanatoka kwenye kipande yanakwenda kwenye uso wa mwanawe na kurudi. Akauliza polepole sana, "Ni ule moto wangu?"

"Moto gani, mama?" nilisema. "Huu ulikuwa mbovu tangu Shimanzi."

"Mbovu," ndugu yangu alisema. "Tangu siku ya kwanza, mama. Dada akiniambia, mimi namkatalia."

Tukamgeukia ami. Huyu ami, niliyewaambia kwamba hakuna siku aliyokubali amenunua kibovu, alivua miwani akaipangusa kwa shati. "Mimi nimenunua takataka," alisema. "Nisamehe, shemeji. Mnada uliniongopea."

Mama alitutazama mmoja mmoja. Kisha akasema, "Haya, alhamdulillahi," akarudi jikoni, na mchuzi wa siku ile ulikuwa na chumvi mno, tukaula mpaka ukaisha.

Tuliamini kwamba tumemficha. Miaka ile yote tuliamini. Tukaja kufika mwisho wa miaka hiyo ya tisini, ndugu yangu akapata mchumba, na asubuhi ya nikaha yake nyumba ilijaa wanawake, kila mtu na kazi yake. Kanzu ya bwana harusi ilikuwa imepigwa pasi, inangojea udi. Mama aliwasha makaa mwenyewe, akayapepea, akatia udi mzuri aliouweka tangu mwezi mzima. Halafu akakisukuma chetezo mbele yangu, akaniweka kanzu mikononi.

"Mfukizie wewe," alisema.

"Mimi? Mama, kazi hii ni yako. Hakuna ajuaye kufukiza hapa zaidi yako."

"Mfukizie wewe, mwanangu. Inyanyue juu, usiikaribishe." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeuliza sukari iko wapi. "Mimi moto wangu ni mkali."

Hapo ndipo nilipokumbuka, kwa mara ya kwanza, kwamba tangu Idd ile nguo za ndugu yangu zilikuwa zikitoka nyumbani zimefuliwa, zimenyooshwa, zinanukia sabuni tu. Niliinyanyua kanzu juu. Mama alikwenda akakaa kule dirishani, mbali na makaa, akaniangalia mpaka nilipomaliza.